Mbwa Ndiye Atakayekutoa Nje: Mwongozo Kamili wa Kufanya Mazoezi kwa Msaada wa Mbwa

Hakuna asiyejua kwamba kutembea kunaujenga mwili. Kinachowashinda wengi si kujua, ni kutoka. Saa inalia alfajiri, blanketi lina joto, jana ulichelewa kulala, na hakuna atakayejua ukiahirisha hadi kesho. Ukiwa na mbwa, yupo atakayejua. Anataka kukojoa, anataka kunusa, anataka kujua nani kapita njiani usiku, na habari ya kwamba wewe huna hamu haimfikii. Uamuzi wa kutoka unakuwa umeshapitishwa kabla hujafumbua macho sawasawa. Hiyo ndiyo nguvu yake, na mwongozo huu wote unahusu namna ya kuitumia bila kumuumiza yeye wala wewe.

Kiasi kinachotakiwa si kikubwa kama wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika miongozo yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa kuwa zoezi la wastani. Sasa piga hesabu: mbwa anayetembezwa kwa haraka dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kila siku, anakupa dakika 210 kwa wiki. Umevuka kiwango cha chini bila kulipia ukumbi wa mazoezi na bila kununua chuma chochote.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wakazi wa eneo moja la Uingereza, wenye mbwa na wasio na mbwa, na ukaonyesha kwamba uwezekano wa wenye mbwa kufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa ulikuwa karibu mara nne ya ule wa wenzao. Mwingine wa mwaka 2017, uliofanywa Norfolk huko huko Uingereza kwa wazee zaidi ya 3,000, ndio unaonigusa zaidi: wazee waliokuwa wakiwatembeza mbwa walijishughulisha zaidi katika siku za baridi, mvua na giza kuliko wasio na mbwa katika siku za hali nzuri ya hewa. Hamu ya binadamu hufuata hali ya hewa. Haja ya mbwa haifuati.

Lakini kuna sharti moja, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Kufuga mbwa si kumtembeza. Mbwa anayeshinda uani na kulishwa mlangoni hamwongezei mwenyewe hatua hata moja. Katika takwimu, mwenye mbwa asiyemtembeza hufanana sana na mtu asiye na mbwa kabisa. Faida yote imo kwenye kamba.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kumleta

Kama tayari unaye mbwa, ruka hadi hatua ya 3. Kama bado, fanya jaribio hili: kwa wiki mbili mfululizo, toka utembee asubuhi na jioni, saa zile zile ambazo ungemtoa mbwa, bila mbwa. Si lazima uwe mwendo mrefu, robo saa inatosha. Lengo ni kuona kama ratiba yako ina nafasi hiyo kweli, au unaiona nafasi hiyo kwenye mawazo tu. Ukikosa siku moja moja kwa uvivu, usiogope, uvivu ndio mbwa anaoutibu. Ukikosa kwa sababu unaondoka nyumbani usiku na kurudi usiku, hilo mbwa hatalitibu. Atateseka nalo.

Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, na wadogo kwa umbo wengi hufika 15. Anayenunua mbwa kwa ajili ya kupunguza kitambi cha mwaka huu, halafu akamchoka, amemfanyia kiumbe hai dhuluma. Nalisema hili kwa uzito wote. Kama unataka matembezi lakini maisha yako hayaruhusu mbwa, jitolee kumtembeza wa jirani mzee au mgonjwa, au wa kituo kinachohifadhi mbwa waliotelekezwa. Miguu yako haitajua tofauti.

Hatua ya 2: Chagua mbwa anayelingana na mwendo wako

Watu huchagua mbwa kwa sura. Chagua kwa pumzi na kwa asili ya kazi yake. Border Collie alizalishwa kuchunga kondoo kutwa nzima, na Siberian Husky kuvuta sleji, chombo kinachoteleza juu ya theluji, kwa masafa marefu. Mbwa wa namna hii katika nyumba ya mtu wa robo saa kwa siku atageuka kero: atatafuna viatu, atachimba, atabweka. Huo si ukorofi. Ni nguvu zilizokosa pa kwenda. Labrador na German Shepherd nao wanahitaji mwendo wa kutosha, ila ni wepesi kufundishika, na kwa mtu anayetaka kutembea kati ya saa nzima na saa mbili kwa siku wanafaa sana.

Greyhound huwashangaza wengi. Ndiye mbwa mwenye kasi kuliko wote, lakini ni wa mbio fupi, na akishamaliza hulala karibu siku nzima. Mtu wa matembezi ya wastani anaweza kuishi naye vizuri. Upande wa pili wako Pug na Bulldog, mbwa wenye pua fupi iliyobonyea. Njia zao za hewa ni nyembamba, kwa hiyo joto na mwendo mkali vinaweza kuwaua. Kama nia yako ni kukimbia, hao si wenzako.

Na mbwa koko, yule wa mchanganyiko usio na jina? Mara nyingi ni chaguo zuri mno. Kinachohitajika ni kumwona akitembea kabla ya kumchukua, na akiwa ameshakomaa ni rahisi zaidi, kwa kuwa umbo na tabia yake vimeshajulikana.

Hatua ya 3: Daktari wa mifugo kwake, na daktari wako kwako

Mbwa apimwe moyo, viungo, makucha na uzito. Mwambie daktari wazi kwamba unakusudia kumtembeza kila siku, umtajie na muda. Mtoto wa mbwa asipelekwe wanakopita mbwa wengine wengi kabla hajamaliza mfululizo wa chanjo zake za mwanzo, ambazo kwa kawaida huisha karibu na umri wa wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. WHO inaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Anayepita barabarani na mbwa asiyechanjwa anacheza na maisha ya watoto wa watu. Kupe, viroboto na minyoo navyo vishughulikiwe kwa ratiba, kwa sababu mbwa anayetembea nyasini atavikuta tu.

Uzito unaweza kuupima mwenyewe: pitisha vidole ubavuni pake bila kukandamiza. Unatakiwa kuzihisi mbavu. Usipozihisi, mbwa amenenepa, na ninyi wawili mtaanza taratibu.

Wewe nawe, kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, umefanyiwa upasuaji karibuni au unapata maumivu ya kifua ukipanda ngazi, ongea na daktari kwanza.

Hatua ya 4: Vifaa

Ni vichache. Kamba imara ya urefu wa kati ya mita 1.2 na 1.8, mkanda wa kifuani unaomkaa sawasawa, mifuko ya kuokotea kinyesi, maji, na raba zenye soli isiyoteleza. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko ukanda wa shingoni kwa mbwa anayevuta, maana haumkabi koo. Ukiwa na pete ya kufungia kamba upande wa mbele, kifuani, ni bora zaidi: akivuta, anageuzwa kukutazama.

Epuka kamba zile nyembamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio. Zinamfundisha mbwa kwamba akivuta, kamba huongezeka, na akikurupuka zinachana ngozi.

Namna ya kuishika kamba ni jambo la usalama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha mwaka 2023 uchambuzi wa majeraha ya watu wazima nchini Marekani kwa miaka 20, kuanzia 2001 hadi 2020. Zaidi ya watu 422,000 walikuwa wamefika vyumba vya dharura kwa majeraha yaliyotokana na kutembeza mbwa aliyefungwa kamba, na jeraha lililoongoza lilikuwa kuvunjika kidole. Kwa hiyo usiizungushe kamba kidoleni, wala usiizungushe mkononi mara tatu nne ukadhani ndiyo kumdhibiti. Pitisha kiganja kwenye kitanzi, kamata kamba chini ya kitanzi hicho, na mkono mwingine ushike katikati. Simu ibaki mfukoni.

Hatua ya 5: Mfundishe kutembea bila kuvuta

Hapa ndipo matembezi ya wengi yanapofia. Mbwa anayevuta anachosha bega, anaaibisha, na baada ya wiki tatu mwenyewe anaanza kutafuta visingizio. Ukiwekeza siku kumi au kumi na tano katika hatua hii, miaka inayofuata itakuwa miepesi.

Anzia ndani ya nyumba au uani, mahali pasipo na vishawishi. Jaza mfuko vipande vidogo vya chakula anachokipenda, vya ukubwa wa punje ya hindi. Legeza kamba ining'inie kati yenu kama tabasamu, isikaze. Piga hatua moja. Akija nayo akiwa pembeni ya goti lako, mpe kipande, hapo hapo kwenye goti, si mbele. Hatua mbili, kipande. Hatua tano, kipande. Mkono ukitoa chakula sehemu ile ile kila mara, mbwa anajifunza kwamba pembeni ya goti ndipo mahali penye heri.

Kisha toka nje. Atavuta, hilo tarajia. Kamba ikikaza tu, simama kama mti. Usimvute, usimkaripie, usiseme kitu. Atavuta tena, atasimama, atageuza shingo kukuangalia: “Mbona hatuendi?” Wakati ule ule anapogeuka, kamba inalegea. Sema “Vizuri!” na uanze kutembea. Somo lake ni moja: kamba ikikaza dunia inasimama, ikilegea dunia inaendelea. Siku za kwanza mnaweza kutumia robo saa bila kufika mwisho wa nyumba ya tatu. Sawa tu. Msiongeze umbali mpaka kamba imelegea kwa sehemu kubwa ya mwendo, na watu wote wa nyumbani wafuate kanuni hiyo hiyo. Mmoja akimruhusu kuvuta, anabomoa kazi ya wote.

Hatua ya 6: Funga matembezi kwenye jambo usiloliacha kamwe

Usiseme “nitamtembeza nikipata muda.” Sema: nikishapiga mswaki, tunatoka. Nikishavua nguo za kazini, tunatoka. Mbwa ni hodari wa kusoma mfuatano. Baada ya siku chache ataanza kuamka kwenye mkeka wake akisikia mswaki unarudishwa kwenye kikombe. Utachukua raba, masikio yatasimama. Utagusa kamba, atakuwa ameshafika mlangoni anazunguka. Ukikaa kwenye kochi badala yake, atakuja kukuwekea kidevu gotini na kukukodolea macho. Jaribu kukaa hapo nusu saa ukipuuza macho hayo.

Kamba ining'inie karibu na mlango, na mifuko ya kinyesi iwe imefungwa juu yake. Kila kitu unachohitaji kukitafuta ni nafasi ya kughairi.

Hatua ya 7: Geuza matembezi kuwa mazoezi

Mbwa akiachiwa aongoze, mtasimama kila nguzo. Hiyo ni burudani halali kwake, na kunusa kunamchosha akili kwa namna nzuri, ila moyo wako hautapanda. Dawa ni kuyagawa matembezi mafungu matatu. Dakika 5 za mwanzo ni zake: anuse, ajisaidie, atazame. Kisha toa ishara, mathalani neno “Twende,” fupisha kamba kidogo, na mtembee kwa haraka bila kusimama. Mwishoni mpe tena dakika chache za kunusa mkipunguza mwendo. Baada ya wiki kadhaa neno hilo moja litatosha kumwinua pua kutoka ardhini.

Haraka ni kiasi gani? Kwa watu wazima wengi, hatua 100 kwa dakika ndio mwanzo wa mwendo wa wastani. Hesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25, umo. Kipimo kingine hakihitaji saa: unaweza kuongea sentensi nzima, lakini kuimba kunakushinda. Kama unaimba vizuri, ongeza mwendo.

Kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, na mbwa ambaye hajazoea, napendekeza hivi. Wiki mbili za kwanza, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na fungu la kasi lisizidi dakika 5. Kila wiki inayofuata ongeza dakika 2 au 3 kwenye fungu la kasi, mpaka mfikie dakika 20 za kasi kwa mara moja, angalau kwa tembezi moja la siku. Ikiwa asubuhi yake mmoja wenu anachechemea, rudini kiwango cha wiki iliyopita. Mkizoea, tafuteni mlima au ngazi. Kupanda kunapandisha mapigo ya moyo bila kuhitaji kukimbia.

Kukimbia ni suala jingine. Mtoto wa mbwa asikimbizwe masafa, kwa sababu ncha za mifupa yake bado zinakua. Kwa mbwa wengi subiri apite mwaka mmoja, na kwa wale wakubwa sana mwaka mmoja na nusu au zaidi, na daktari athibitishe. Baada ya hapo anza kwa kubadilishana: dakika moja mbio za polepole, dakika mbili kutembea. Usimtoe kwa mwendo mkali mara tu baada ya mlo mkubwa. Subiri saa moja au mbili, hasa kwa mbwa wenye kifua kirefu kwenda chini, maana tumbo lao linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hiyo ni dharura ya kuua.

Hatua ya 8: Lisome joto kabla ya mbwa kulisoma

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na jasho lake ni kidogo tu, kwenye nyayo. Tena ataendelea kukufuata hata akiwa anaishiwa, kwa sababu anakupenda. Jukumu la kusema “basi” ni lako.

Bandika nyuma ya kiganja chako kwenye lami au saruji kwa sekunde 7. Usipoweza kustahimili, nyayo zake nazo haziwezi. Siku za joto tokeni alfajiri na baada ya jua kuzama, mpite penye nyasi na kivuli, na maji mbebe. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likivuka 41 maisha yake yako hatarini. Dalili ni kuhema kusikotulia, ulimi mwekundu mno, mate mazito, kuyumba na kutapika. Ukiziona, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini papo hapo, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari.

Hatua ya 9: Andaa siku mbaya mapema

Utaugua, utasafiri, mvua itanyesha kutwa. Mwenye mpango wa siku hizo haachi. Asiye nao huanza na siku moja akamaliza na mwezi. Panga zamu na mwenzako au watoto wakubwa wenye nguvu za kumzuia. Weka kiwango cha chini kisichovunjwa: dakika 10, hata ikinyesha. Ukishindwa kabisa, mrushieni mpira uani au ufiche vipande vya chakula ndani ya nyumba avitafute. Hayo yanamsaidia yeye, wewe utalipa deni lako kesho.

Kumbuka pia kwamba kutembea hakujengi kila kitu. WHO inataka mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2 kwa wiki, na kwa wazee mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi. Mwamuru mbwa akae, nawe chuchumaa na kuinuka mara kumi. Akisubiri vizuri, mmefanya masomo mawili kwa mpigo. Mzee mwenye mifupa dhaifu asichukue mbwa kijana mwenye nguvu asiyefundishwa. Mbwa mdogo kwa umbo, au aliyekwisha kukomaa na kutulia, atampa hatua zile zile bila hatari ya kuangushwa.

Mbwa akizeeka

Mwendo wa mbwa hushuka, mara nyingi kabla ya wako. Atachelewa kuinuka, atabaki nyuma kwenye mlima, ataomba kurudi. Baridi yabisi ya viungo ni ya kawaida kwa mbwa wazee, na daktari ana dawa za kumpunguzia maumivu, kwa hiyo usiseme tu “ni uzee.” Usimwachishe kutembea pia, kwani viungo vinavyokaa hukakamaa zaidi. Gawa tembezi moja refu kuwa matatu mafupi, kwenye ardhi tambarare na laini, na yeye ndiye apange kasi.

Hapo dakika zako za haraka zitapungua, na wenye mbwa wengi hurudi kwenye kochi wakati huu huu. Mtoe kwanza yeye, kwa mwendo wake, mpaka atosheke. Mrudishe, mpe maji, mwache alale. Raba tayari unazo miguuni. Fungua mlango tena ukamalizie dakika 20 zako.